Kiungo cha Waya cha Baba Mkwe

Mimi ni mtu wa papara. Mama alikuwa akisema nilizaliwa kabla mkunga hajanawa mikono, na tangu siku hiyo sijawahi kungoja kitu chochote kwa amani. Kwenye foleni kisigino hakitulii, chai nainywa ingali inaunguza. Ajabu ni kwamba riziki yangu Mungu aliiweka kwenye kazi isiyotaka papara hata chembe, ufundi umeme wa magari. Unaweza kumaliza siku nzima ukiufuata waya mmoja mwekundu kutoka mbele mpaka nyuma ya gari, jioni ukagundua ulikuwa mzima. Nimevunja bisibisi nyingi kwa hasira.

Mwaka 2003 meza yetu ya jikoni pale Kensington, Johannesburg, haikuliwa chakula kuanzia Aprili mpaka Agosti. Juu yake zililala waya za injini ya Kijapani, zaidi ya mia, zimefungwa pamoja kama mkia wa ng'ombe, na kila moja nilikuwa nimeibandika kikaratasi chenye namba. Tulikula tumepakata sahani mapajani. Mke wangu alivumilia bila kunung'unika, jambo ambalo si kawaida yake, kwa sababu waya zile zilikuwa za gari la baba yake, na baba yake alikuwa anapofuka.

Daktari wa macho hakuzungusha maneno. Alimwambia mzee kwamba presha ya macho imekula sana, dawa ya matone itachelewesha tu. Kama ana safari ya kuendesha mwenyewe, aiende sasa, mchana, kwa njia anayoijua, maana ikifika Krismasi hataweza tena kushika usukani. Mimi ndiye niliyempeleka. Njiani kurudi, tulipokaribia nyumbani, alinigeukia.

"Mkhwenyana," akaniita. Ndivyo Wazulu wanavyomwita mume wa binti, na hakuwahi kuniita kwa jina hata siku moja. "Basi gari litembee kabla ya Krismasi."

Gari lenyewe lilikuwa la milango miwili, la mwaka sabini na mbili, pua ndefu, rangi ya chungwa iliyokwisha kuchujuka, moja ya yale magari ya silinda nane ambayo vijana wa Kizungu wa zamani hizo walishindana nayo barabarani. Mzee alifanya kazi miaka thelathini kwenye gereji ya Mzungu mmoja. Alikuwa na uwezo wa kuteremsha gia boksi peke yake na kuirudisha kabla ya chai ya saa nne, lakini kwenye makaratasi aliandikwa mfagiaji. Gari liliingia pale limegongwa ubavu, mwenye gari akalikataa, bosi akampa mzee badala ya likizo alizomnyima. Akalinyoosha mwenyewe. Kila Jumapili akimpandisha mkewe, polisi waliwasimamisha, kwa sababu mtu mweusi ndani ya gari kama lile lazima awe ameliiba. Alikuwa akitembea na karatasi zake kwenye mfuko wa shati, zimepangwa kwa utaratibu uleule ambao polisi wangezidai.

Binti yao alivuka mpaka kukimbia utawala wa makaburu akiwa na miaka kumi na saba, kama vijana wengi wa wakati ule. Akaishia Morogoro, kwetu Tanzania, na huko ndiko nilikomkuta mimi, nikitengeneza betri za matrekta, yeye akinicheka jinsi ninavyotembea kama mtu aliyeibiwa. Mama yake alifariki bila kumwona tena. Walimzika kwao, Natal, mbele kidogo ya Ladysmith. Kabla hajakata roho alimwambia mumewe: akirudi mtoto, umlete kwangu wewe mwenyewe. Neno hilo, mwenyewe, mzee alilishika kifundi. Maana yake ilikuwa mikono yake, usukani ule, gari lile ambalo marehemu alipenda kukaa ndani yake ameshusha kioo.

Tuliporudi kwao mwaka 1994, gari lilikuwa juu ya matofali Soweto. Usiku mmoja wa Julai maji yaliganda ndani ya injini, ikapasuka. Mke wangu alikwenda kaburini mara mbili tatu, kwa basi, pamoja na shangazi zake, lakini mzee hakuzihesabu safari hizo. "Ulikwenda," alikuwa akimwambia. "Mimi sijakupeleka." Kila mwaka alisema atapata injini kama ile ya kwanza, na kila mwaka zikazidi kuadimika. Macho yalipoanza kumsumbua, tukamchukua aje kukaa nasi. Kitanda chake na gari vilifika siku moja, kitanda ndani ya kombi na gari likivutwa nyuma ya lori.

Mimi ndiye niliyesema tuache kutafuta injini ya zamani, tufunge ya kisasa. Nilimfahamu Mkongo mmoja aliyekuwa akiuza vipuri vilivyotumika. Kwake Joubert Park, kwenye fleti ya ghorofa ya sita, alihifadhi kompyuta za magari chini ya kitanda, na mkewe alifagia akizizunguka. Akatupatia injini ya silinda nane iliyotoka kwenye gari la kifahari la Kijapani, na waya zake zote, na kompyuta yake. Mzee akaizunguka akiipapasa.

"Injini inayotaka kompyuta," akasema, "ni injini isiyojiamini."

Lakini aliifunga. Vishikio vya injini alivikata na kuvichomelea yeye, miwani ya giza usoni, akipima kwa vidole zaidi ya macho, na vilikaa sawasawa. Kazi ya chuma ikaisha, ikabaki ya umeme, yaani yangu. Nilijisifu kwa mke wangu kwamba Juni mzee atakuwa barabarani.

Sasa nifike kwenye kile kiungo, maana ndicho kilichoniandikisha haya yote.

Umeme ukitoka kwenye betri lazima urudi. Kwenye gari unarudi kwa kupitia bati lenyewe la bodi, na kutoka kwenye bodi kuna waya mmoja mnene unaourudisha kwenye betri. Mafundi wa Tanzania tunauita ethi. Ethi ikiwa mbovu, hakuna taa wala pampu itakayofanya kazi kwa haki. Siku ya kwanza kabisa nilipofungua boneti kuanza kazi, niliuona waya huo. Ulikuwa umekatika zamani, ukaunganishwa kwa kusokotwa na kipande cha waya mwingine, ukazungushiwa tepu ya kitambaa, juu yake mpira wa baiskeli, na juu ya mpira uzi uliofungwa vizuri kama kifungo cha mzigo wa bibi arusi. Ilikuwa kazi safi ya mtu asiyekuwa na vifaa.

Nikamuuliza mke wangu. Akaniambia ni kazi ya baba yake. Wiki ile yeye mwenyewe alipovuka mpaka, polisi walikuja nyumbani, wakapekua mpaka chini ya boneti wakitafuta karatasi za siasa, wakang'oa waya ovyo. Mzee akafunga kile kiungo usiku uleule ili asubuhi aweze kuzunguka na gari kumtafuta mtoto.

Ningefanyaje? Kwetu mkwe hakosolewi. Ukimkuta mkweo ameezeka nyumba na inavuja, unahamisha mkeka wako, unalala upande mkavu, asubuhi unasema umelala vizuri. Nimelelewa hivyo, na miaka tisa ya Johannesburg haikunitoa. Injini ya zamani, yenye kabureta, ilikuwa imetembea na kiungo kile miaka na miaka bila kulalamika. Nikachukua mita, nikapima huku na huku, mshale ukakaa vizuri. Nikasema moyoni, kinashika. Nikakiacha, nikajenga kazi yangu yote mpya juu yake.

Na mzee akanisaidia kukiacha, au ndivyo nilivyodhani. Kila jioni, nikishanawa, alikuja gereji yetu ya nyumbani. Alikohoa kwanza mlangoni, kwa adabu ya kwao, kwa sababu mahali pa kazi pa mkwe hapaingiwi tu. Kisha akaanza kukagua kwa vidole. Alizifuata waya zangu moja moja, akagusa rilei, akagusa boksi la fyuzi, bila neno. Akifika kwenye kiungo kile vidole vilisimama. Alikibana kati ya kidole gumba na cha shahada.

"Hii ni yangu," alisema.

"Ndiyo, baba, ni yako. Imeshika vizuri."

Aliguna, akaenda kunawa. Mimi nikaona nimempa mzee furaha yake ya siku, nikajiona mkwe mwema kuliko wakwe wote wa Kensington.

Injini iliwaka wiki ya pili ya Agosti. Sitaisahau sauti ile. Mke wangu alitoka jikoni na mikono yenye unga, akakumbatiana na baba yake, unga ukabaki mgongoni mwa koti la mzee. Nami niliruka kama mwehu. Ilinguruma dakika kumi na nne. Ikapata joto, feni ya rejeta ikaanza kuzunguka, na injini ikazimika palepale.

Tukangoja ikapoa. Ikawaka. Feni ikaanza, injini ikazimika tena.

Hapo ndipo ilipoanza miezi mibaya kuliko yote niliyowahi kufanya kazi. Nilibadilisha pampu ya petroli. Nilibadilisha vipima joto. Nilifungua kazi yangu mwenyewe, kiungo kwa kiungo, nikaichomea upya. Usingizi ulinihama, nikawa naamka alfajiri nikiwa tayari nina hasira na mtu nisiyemjua. Wateja wangu wa kawaida niliwajibu kwa mkato. Nilimfokea mke wangu kwa sababu ya chumvi. Na kila nilipoinama chini ya boneti, pembeni ya jicho langu kilikuwepo kile kifundo cha mpira na uzi, kimekaa kimya, nami nikapeleka macho kwingine. Sitaki kujidanganya sasa. Nilijua. Si kwamba nilijua kwa hakika, lakini nilijua vya kutosha kutotaka kujua zaidi.

Septemba mzee aliomba ajaribu kuliendesha. Macho yake mchana yalikuwa bado yanafaa, na barabara za mtaa wetu alizijua. Nikakaa pembeni yake. Aliendesha kwa utulivu ulionitia aibu mimi mwenye papara, mikono miwili juu ya usukani, kichwa akikigeuza sana huku na huku kwa sababu pembeni alikuwa haoni tena. Tukapita maduka. Mbele, roboti ya njia panda, yaani taa za barabarani, ikawa nyekundu.

"Nyekundu," akasema, akasimama taratibu.

Tukingoja pale, feni ikaanza. Injini ikafa. Roboti ikawa kijani, teksi nyuma zikapiga honi, dereva mmoja akatutukana na babu zetu. Mimi nilishuka nikafungua boneti kwa hasira. Mzee alibaki anaupapasa usukani.

"Eish, mkhwenyana. Injini bado ni mgeni tu. Itazoea."

Ilikuwa mitaa mitatu kutoka nyumbani. Sikujua kwamba hiyo ndiyo safari yake ya mwisho kuendesha.

Oktoba mwanzoni niliibeba kompyuta nikaipandisha ghorofa sita za Joubert Park, maana lifti ilikuwa imekufa. Nilimwambia yule Mkongo ameniuzia maiti. Hakukasirika. Akatoa nyingine chini ya kitanda, akanipa nikajaribu. Baada ya siku mbili nikarudi na zote mbili, ugonjwa uleule.

"Ndugu," akasema, akinisogezea kiti, "computer mbili haziwezi kufa ugonjwa moja. Hizi ziko muzima. Ni masse yako njo iko mubaya."

Masse ndilo neno lao la ethi.

"Masse nimepima," nikamjibu kwa ukali. "Nimepima mara kumi."

"Ulipima iko inatumika, ao iko imelala?"

Nikaketi. "Imelala."

"Basi ulipima mutu mwenye analala, ukasema hana njala."

Mkewe akacheka kule jikoni. Mimi sikucheka. Nikamweleza kiungo kilivyo, na kimefungwa na nani. Nilitegemea atanicheka zaidi, fundi mzima wa miaka ishirini anaogopa kipande cha tepu. Lakini uso wake ukabadilika.

"Aah. Mukwe." Akatikisa kichwa polepole. "Ile sasa ni maneno ingine. Hata mie singekata."

Nikarudi nyumbani na faraja mbovu kabisa, faraja ya kupata mwenzangu. Niliwaza kupitisha ethi mpya pembeni, nikiache kiungo cha mzee mahali pake kama pambo. Kifundi ingetosha. Lakini vidole vile vingeukuta waya mpya jioni hiyohiyo, na mzee angejua kwamba mkwe wake ameizunguka kazi yake kimyakimya, kama mtu anavyomzunguka mlevi barabarani. Nikaona hiyo ni dharau kubwa kuliko kukata. Basi sikukata na sikuzunguka. Nikabadilisha swichi ya feni.

Mvua zikaanza. Mwezi wa Novemba, asubuhi moja, nilitoka bafuni nikamwona mzee amesimama kwenye korido, ameelekea mlango wa gereji. Nilikuwa nimetundika ovaroli langu pale, kwenye msumari.

"Sawubona, mkhwenyana," akaliamkia ovaroli. Akangoja. "Umelala vizuri?"

Nilisimama nyuma yake, maji yakinichuruzika shingoni. Aliposikia pumzi yangu akageuka, akaunyoosha mkono, akalishika ovaroli, akaelewa. Alipita pembeni yangu akienda chumbani kwake, mkono ukifuata ukuta.

Nikaenda kukaa jikoni. Mke wangu akaniangalia. Ninapoficha kitu nina tabia ya kukuna sikio la kushoto, na miaka kumi na saba ya ndoa ilitosha kumfundisha.

"Sema," akasema.

Nikamwambia. Sikubakiza kitu.

"Tangu lini?" Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Ethi niliiona Aprili. Shaka ilinijia Agosti."

"Agosti. Septemba. Oktoba." Alihesabu kwa vidole mbele ya uso wangu kama anamfundisha mtoto. "Unajua alikuwa anaona nini Agosti? Alikuwa anasoma gazeti. Na wewe umekaa na heshima yako." Akavuta droo, akatoa kisu cha nyama. "Mimi si mkwe wake. Mimi ni mwanawe. Naenda kukata."

Nilimzuia mlangoni. Nikamwomba aniache nimwambie mzee mimi mwenyewe. Mficha uchi hazai, wahenga walisema, na mimi nilikuwa nimeuficha uchi wangu mpaka umezeeka. Alikitupa kisu kwenye sinki. Hakuniangalia tena siku ile.

Mzee alikuwa amekaa kitandani, viatu miguuni. Niliketi sakafuni, kama ninavyoketi mbele ya wazee wa kwetu, na kwa Kizulu changu cha kuokoteza nikamwambia nimekuja kuomba ruhusa. Nikasema ile ethi aliyoifunga zamani, naona huenda imechoka ndani, naomba niifungue. Nililizungusha neno huenda mara nyingi.

Aliinama kuelekea sauti yangu.

"Uliiona lini?" akauliza.

Ningeweza kudanganya. Nilifikiria kudanganya.

"Siku ya kwanza, baba."

Akafikicha magoti yake kwa viganja.

"Shaka nilikuwa nayo tangu mwanzo, na siku ile ilipozimika kwa feni nikajua," akasema. "Fundi gani asiyejua? Kiungo kile nilikifunga gizani kwa haraka. Niliapa nitakirudia, sikukirudia. Nikawa nakuja kila jioni nakishika mbele yako. Nasema hii ni yangu. Ulifikiri nilikuwa najisifu?"

Nikakumbuka nilivyomjibu kila jioni, imeshika vizuri.

"Ningekuambiaje? Nyumba ni yako. Chakula ninachokula ni chako. Nimwambie mkhwenyana kwamba kazi yake ina kasoro, na kasoro yenyewe ni ya mkono wangu? Nikasema nitakiweka kidole pale, ataniuliza tu." Akainua uso kuelekea dirishani, kwenye mwanga. "Mimi nilikuwa nakuonyesha, wewe ukawa unaniheshimu."

Tulikwenda gereji pamoja, nikamshika mkono. Hakukohoa mlangoni siku hiyo. Nilikata uzi, nikachuna mpira, nikafungua tepu. Ndani shaba ilikuwa imegeuka unga wa kijani, ukamwagika kwenye viganja vyangu, na nyuzi zilizobaki zima zilikuwa tatu au nne. Zilitosha kuudanganya mshale wa mita, hazikutosha kuzungusha feni. Kuweka waya mpya na kukwangua rangi ya bodi mpaka bati likang'aa ilinichukua dakika kumi. Dakika kumi! Nikawasha. Ikapata joto, feni ikaanza, nikawasha taa zote, nikawasha waipa, nikapiga honi, na injini haikutikisika hata kidogo. Nililitupa koleo ukutani. Nililia, na sikujali nani ananisikia.

Mzee aliuzunguka mlango akiupapasa, akaingia upande wa dereva. Alikanyaga mafuta taratibu, akasikiliza, akatabasamu. Akaniambia nifungue geti. Nikafungua. Alikaa pale na mikono juu ya usukani, akitazama mbele, barabarani, ambako jirani yetu alikuwa akivuka na mfuko wa mkate. Mimi nilimwona jirani. Nikangoja kuona kama naye atamwona. Gari lilinguruma mahali pamoja kwa muda mrefu. Kisha akazungusha ufunguo, akazima.

"Endesha wewe," akasema.

Tulikwenda Natal wiki moja kabla ya Krismasi. Mke wangu alikaa nyuma, mzee pembeni yangu, ameshusha kioo kama mkewe alivyopenda. Gari lilikwenda vizuri, vizuri mno, lilipanda na kushuka milima ya Van Reenen kama limepakwa mafuta, na kila kilomita iliyopita bila kuharibika ilinichoma. Ningefurahi lingezimika. Ningekuwa na kitu cha kutengeneza. Mzee aliniuliza tumefika wapi, nami nikamtajia vibao, na yeye akaniambia kilichopo nyuma ya kila kibao, mto, kituo cha treni, mlima wenye umbo la meza, na hakukosea hata kimoja.

Kaburi lilikuwa juu ya kilima, majani yamekua mpaka magotini. Tukayang'oa, mimi na mke wangu, mzee akingoja ameshika kofia. Nilipomaliza nikamleta mpaka kichwani pa kaburi, nikarudi nyuma hatua kadhaa. Moyoni nilikuwa namwomba aseme uongo. Marehemu hakuwa na macho zaidi yake. Angesema tu, nimemleta mwenyewe, nani angembishia?

Alimwamkia mkewe kwa jina la ukoo wake, mara tatu. Akamweleza kwamba mtoto yupo hapa, ni mtu mzima, ameolewa. Kisha akaizungusha kofia mikononi.

"Niliahidi nitamleta mimi," akasema kwa Kizulu. "Sikuweza. Macho yaliisha kabla gari halijawa tayari. Aliyemleta ni mkhwenyana."

Nilielewa kila neno. Mke wangu alijua kwamba nimeelewa. Hata hivyo alinigeukia, akanitazama usoni, akanitafsiria kwa Kiswahili, neno baada ya neno, mpaka mwisho.